Majeraha Yasiyoonekana: Jinsi ya Kumtambua Mtoto Anayenyanyaswa au Kutelekezwa Jirani Yako

Mtoto aliyevunjwa mkono hufika hospitalini, na huko lazima mtu aulize kilichotokea. Mtoto anayeambiwa kila asubuhi kwamba asingezaliwa mama yake angekuwa mbali kimaisha hafiki popote. Anavaa sare, anaenda shule, anarudi, anaosha vyombo, analala. Ploti nzima inaweza kuapa kwamba hana shida. Mwongozo huu ni wa kumwona mtoto huyo wa pili, na nimewaandikia watu wanaoishi karibu naye hapa Nairobi: jirani wa mlango wa pili, mwalimu, mama mboga anayemuuzia nyanya, mlinzi wa geti, shangazi anayekuja Jumapili.

Nimefundisha watoto wadogo Eastlands kwa miaka mingi, na sijaona alama moja ambayo peke yake inatosha kusema kwa uhakika kwamba mtoto fulani anateswa. Kinachofichua ni mazoea: jambo lilelile likimrudia mtoto yuleyule, juma baada ya juma. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutazama kwa subira. Ya pili, ambayo wengi wetu tunaikwepa, ni kuchukua hatua kabla hatujapata ushahidi kamili, kwa sababu kutafuta ushahidi ni kazi ya afisa wa watoto na polisi. Yako ni kusema ulichokiona.

Sheria iko upande wako. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya kunyanyaswa na kutelekezwa, na kinawapa baba na mama wajibu ulio sawa, wawe wameoana au la. Sheria ya Watoto ya 2022 inaweka unyanyasaji wa kisaikolojia pamoja na ule wa mwili. Na tatizo hili si la nyumba chache: katika utafiti wa kitaifa wa 2019, karibu nusu ya wanawake wa miaka 18 hadi 24, na zaidi ya nusu ya wanaume wa umri huo, walisema walipitia ukatili wa aina moja au nyingine wakiwa watoto.

Kwanza, tenganisha umaskini na kutelekeza

Hapa ndipo watu wengi wenye nia njema hukosea. Mama wa Mukuru anayetoka saa kumi na moja alfajiri kutafuta kibarua cha kufua nguo, akamwachia binti wa miaka 10 mdogo wake, ana shida ya pesa na ya mahali pa kumwacha mtoto. Watoto wako hatarini kweli, hasa mlango ukifungwa kwa kufuli nje na moto ukazuka kama unavyozuka mara kwa mara katika nyumba za mabati. Lakini dawa ya hatari hiyo ni msaada. Ukimripoti mama huyo kama mhalifu utakuwa umemwongezea mzigo, na mtoto hatapata chochote.

Jiulize maswali matatu. Je, mzazi anafanya anachoweza kwa alicho nacho? Akiletewa msaada, anaupokea na kuutumia kwa watoto? Na je, shida ya nyumba inawapata watoto wote sawasawa?

Swali la tatu ndilo ninaloliamini zaidi. Angalia wakati wa chakula. Katika nyumba iliyokosa, kila mtu anapata kidogo, na mara nyingi mama ndiye anayepata kidogo kuliko wote. Katika nyumba inayomtesa mtoto, ugali upo na sukuma wiki ipo, lakini kuna mmoja anayesimama karibu na mlango akisubiri wenzake wamalize. Anakula kilichobaki kwenye sufuria, kisha anaiosha. Mara nyingi ni mtoto wa kambo, au wa dada aliyefariki, au aliyeletwa kutoka ushago kwa ahadi ya kusomeshwa. Viatu vyake ni vile vilivyowakataa wengine. Karo yake ndiyo hukosekana. Ukiona tofauti ya namna hiyo ndani ya nyumba moja, usikubali kuambiwa kwamba ni hali ngumu ya maisha.

Wala usidhani kutelekezwa ni jambo la mabanda tu. Kuna watoto Kileleshwa na Lavington ambao friji zao zimejaa na ambao hawajala na mzazi meza moja kwa miezi. Mtoto anaumwa jino, dereva ndiye anayejua. Ana miaka 13, analala saa nane usiku na simu mkononi, na hakuna mtu mzima anayejua anazungumza na nani. Geti refu huzuia majirani kuona, kwa hiyo nyumba hizo hutegemea zaidi macho ya walimu na wafanyakazi wa nyumbani.

Pili, mlinganishe mtoto na alivyokuwa

Usimlinganishe na mtoto wa jirani, kwa maana watoto hawafanani. Mlinganishe na yeye mwenyewe wa muhula uliopita. Mchangamfu aliyenyamaza ghafla, mpole aliyeanza kupiga wenzake, aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani akaanza tena, aliyekuwa wa tano darasani akawa hata daftari hafungui. Haya yanaweza kuletwa na msiba, kuhama mtaa au ugonjwa, kwa hiyo uliza kwanza. Yasipopata maelezo, au maelezo yakibadilika kila ukiuliza, endelea kufuatilia.

Kuna mambo madogo ambayo mwalimu au jirani anaweza kuyaona bila kuuliza chochote. Mtoto anayetia kipande cha chapati mfukoni badala ya kukila. Anayekunja mabega ukiinua mkono kufuta ubao. Anayemtazama mlezi usoni kabla ya kujibu hata swali la jina lake. Anayebuni sababu za kubaki shuleni saa za kwenda nyumbani, hasa Ijumaa. Anayemng'ang'ania mgeni wa dakika kumi kana kwamba ni mamake.

Na kuna yule tunayemsifu. Hasumbui, halii, hacheki kwa sauti, ukimtuma anakimbia, ukimwambia kaa anakaa saa mbili. Tunasema ana adabu, tunawaambia wengine wamwige. Naomba tumwangalie tena. Mtoto wa miaka 5 aliye salama huvunja kikombe, hubisha, hulia akinyimwa. Asiyefanya lolote kati ya hayo, popote, na yeyote, huenda amejifunza kwamba kuonekana ni hatari.

Tatu, tumia vipimo vilivyopo

Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, kijitabu cha kliniki kinaeleza mengi. Kifungue. Chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 zimeandikwa? Ya surua ya miezi 9 na ya miezi 18? Mstari wa uzani unapanda, au umelala kwa miezi? Pengo moja ni usahaulifu au kukosa nauli. Kurasa tupu, katika mtaa ambao zahanati iko hatua chache na chanjo ni bure, zinahitaji maelezo.

Mhudumu wa afya ya jamii anayezunguka mtaani kwenu huwa na mkanda wa kupima mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi 59. Chini ya sentimita 12.5 mtoto ana utapiamlo, na chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali unaohitaji matibabu mara moja. Mkanda hauwezi kusema kama ni njaa ya nyumba nzima au ya mtoto mmoja. Ndugu zake wapimwe siku hiyohiyo, na jibu litaanza kujitokeza.

Kwa mwanafunzi, rejista ya darasa ina ushuhuda wake. Anayekosa kila Jumatatu na Alhamisi pengine ana kazi anayofanyishwa siku hizo. Tazama pia yasiyotibiwa: jino lililooza hadi uso ukavimba, sikio linalotoa usaha tangu muhula jana, miwani iliyovunjika na haikuwahi kubadilishwa. Hospitali za umma zipo. Ukimweleza mzazi naye akaitikia kila mara bila kufanya lolote, tena mzazi mwenye uwezo, hilo ni jambo la kuandika.

Nne, sikiliza maneno

Kila mzazi hupandwa na hasira. Kukaripia kosa, hata kwa sauti inayofika ghorofa ya tatu pale Pipeline, si unyanyasaji. Tofauti iko hapa: karipio hulenga kosa na huisha. Unyanyasaji humlenga mtoto mwenyewe, hurudiwa, na humwambia hafai kuwepo.

“Wewe ni takataka kama babako.” “Ningejua ningekutoa.” “Nitakupeleka kwa polisi wakuweke huko.” “Usiniite mama.” Maneno haya yakisikika mara kwa mara kupitia ukuta mwembamba, mtoto huyo anaumizwa, na hana alama yoyote ya kuonyesha.

Kuna pia namna za kimya. Kumkaushia mtoto siku nzima, mama azungumze na wote isipokuwa yeye. Kumtuma kubeba ujumbe wa matusi kati ya wazazi waliotengana. Kumfanya shahidi wa baba akimpiga mama, hata kama yeye hajaguswa. Kumnyoa kipara mbele ya watu kama adhabu. Na siku hizi kuna hili la kumrekodi mtoto akilia au akikiri kosa, kisha video ikatupwa mtandaoni watu wacheke. Mtoto huyo ataulizwa kuhusu video hiyo darasani miaka mitatu baadaye.

Tano, ujue anashinda wapi

Nairobi ya vibarua inategemea akina mama wanaoshika watoto wa wenzao mchana kwa ada ndogo. Wengi wao ni watu wema wanaofanya kazi ngumu katika chumba kimoja. Lakini tembelea bila taarifa, saa nne asubuhi. Katika chumba chenye watoto kumi na wawili wa chini ya miaka mitatu utarajie kelele, kilio, mtu anayemenyana na mwenzake. Ukikuta wote wamelala wamepangana kwenye godoro moja, kimya, redio ikiendelea, uliza. Kuna walezi wanaowapa watoto dawa ya mafua, hasa Piriton, ili walale. Dawa hiyo haijatengenezwa kwa kazi hiyo, na kwa mtoto mchanga inaweza kutatiza kupumua. Mtoto anayepewa huwa mzito akichukuliwa jioni, mdomo mkavu, halafu usiku hukesha. Angalia pia nepi: ikiwa ni ileile uliyomfunga asubuhi, na ngozi imechubuka kila wiki, hakuna anayemshughulikia.

Kisha kuna mtoto ambaye ndiye mfanyakazi. Umri wake ni wa shule, ameletwa kutoka mashambani, anawaamsha watoto wa nyumba wajiandae na kuwabebea mabegi hadi kwenye basi, halafu anarudi kudeki. Majirani humwita msichana wa kazi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka awe darasani. Muulize tu, mkiwa kwenye kamba ya nguo: uko darasa la ngapi? Mara nyingi jibu lake linatosha.

Mtoto mwenye ulemavu naye anastahili swali la pekee, kwa kuwa ndiye rahisi kufichwa. Ikiwa unajua yuko kwenye nyumba hiyo na hujamwona nje tangu mwaka jana, uliza anaendeleaje, na uombe kumsalimia.

Alama za mwili zinazopuuzwa

Watoto huanguka, na michubuko ya magoti, viwiko na paji la uso ni ya kawaida. Michubuko ya kiwiliwili, masikio au shingo kwa mtoto wa chini ya miaka minne si ya kawaida, na mchubuko wowote kwa mtoto wa chini ya miezi minne, ambaye hawezi hata kutambaa, unahitaji daktari siku hiyo. Kwenye ngozi nyeusi mchubuko hauonekani kwa urahisi. Mtazame kwenye mwanga wa jua, na ugundue palipovimba au penye joto, au pale anapojikunja akiguswa.

Kuhusu dhuluma ya kingono, usitegemee kuona jeraha. Tazama mtu mzima anayejenga urafiki wa siri na mtoto: zawadi ambazo mtoto haelezi zimetoka wapi, pesa za bando, kusisitiza wabaki wawili. Kwa kawaida ni mtu ambaye familia inampenda na kumwamini. Mtoto anayemkwepa ghafla mjomba aliyekuwa akimkimbilia asilazimishwe kumsalimia.

Ukizungumza na mtoto

Chagua mahali ambapo mnaonekana lakini hamsikiki. Kaa chini, macho yenu yalingane. Anza na unachokiona: “Siku hizi naona hutaki kwenda nyumbani. Niambie.” Kisha nyamaza, hata akichukua muda mrefu. Usimtilie maneno mdomoni kwa kuuliza kama ni baba aliyempiga. Uliza, “Halafu ikawaje?”

Usiahidi kwamba hutamwambia mtu. Mwambie ukweli: “Nitamwambia mtu mmoja ambaye kazi yake ni kusaidia watoto.” Mwambie hana kosa. Usioneshe mshtuko, kwa sababu akiona umeogopa atasema alikuwa akitania. Ukimaliza, andika maneno yake kama alivyoyasema, hata yakiwa ya kitoto, na tarehe. Usimwite mwalimu mkuu, kisha mchungaji, kisha nyanya yake, kila mmoja amhoji upya. Kurudiarudia kunamuumiza na kunaharibu ushahidi.

Ukizungumza na mzazi, au usipozungumza

Panapoonekana uchovu au ukosefu, mfikie kama jirani. “Mama Brayo, naona siku hizi unatoka mapema sana. Mtoto anabaki na nani? Mlete kwangu hadi saa mbili, mimi niko.” Nimeona mazungumzo ya namna hiyo yakibadilisha nyumba kuliko barua yoyote ya shule.

Lakini ukihisi dhuluma ya kingono, kipigo kikali, au mzazi anayeweza kumhamisha mtoto usiku, usimwambie neno. Mtoto atalipia ulichosema, au kesho utakuta mlango una kufuli jipya na hakuna anayejua wamehamia wapi.

Pa kupeleka habari

Piga 116, laini ya kitaifa ya watoto. Ni bure, iko wazi saa 24, na hulazimiki kutaja jina lako. Sema mtoto yuko wapi, umri wake unavyoukadiria, ulichokiona na tarehe. Kama mtaa hauna namba za nyumba, eleza kwa alama: karibu na kanisa gani, ploti ya rangi gani, ghorofa ya ngapi.

Au nenda kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo yako. Kila kaunti ndogo ya Nairobi, iwe Kamukunji, Kasarani au Dagoretti, ina ofisi yake, na chifu atakuelekeza. Watu wengi hawaripoti kwa kuogopa kwamba mtoto atachukuliwa apelekwe kwenye makao ya watoto. Sera ya nchi kwa sasa inatanguliza familia: afisa hutembelea nyumba, huita wazazi, hutafuta ndugu wanaoweza kumlea, na makao huwa ya mwisho. Hatari ikiwa ya papo hapo, nenda kituo cha polisi, uliza dawati la jinsia, na usiondoke bila namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo.

Kwa dhuluma ya kingono saa zinahesabika. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Mpeleke mtoto hospitalini kwanza, polisi wafuate. Asiogeshwe. Nguo alizovaa zisifuliwe, na ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu plastiki huhifadhi unyevu na kuharibu ushahidi. Hospitali ya Kenyatta na Mama Lucy Kibaki hupokea kesi hizi, na kituo cha waathiriwa cha Hospitali ya Nairobi Women's, kilichoanzishwa 2001, huwatibu bila malipo. Hakikisha fomu ya matibabu ya baada ya ubakaji imejazwa, pamoja na P3, fomu ya kurekodi majeraha inayotoka polisi.

Atatokea mzee wa ukoo au kiongozi wa mtaa kupendekeza jambo limalizwe nyumbani kwa mbuzi au kwa pesa. Kataa, na umwambie kwamba chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kumnajisi mtoto wa miaka 11 au chini ni kifungo cha maisha, na hakuna kikao cha familia chenye mamlaka ya kufuta kosa hilo.

Ofisi hizi zina kesi nyingi na maafisa wachache. Wiki mbili zikipita kimya, rudi ukiwa na daftari lako na namba ya OB, uliza jina la afisa anayeshughulikia, na upige 116 tena kueleza kwamba uliripoti tarehe fulani na mtoto bado yuko palepale. Mwombe mwalimu wake naye aripoti kivyake. Taarifa mbili kutoka kwa watu wawili wasiopanga pamoja huharakisha faili.